Proclus hakuiua jiometri

Uplatoni Mpya, yaani falsafa iliyoendeleza mafundisho ya Plato kuanzia kwa Plotinus, hushtakiwa mara mbili. Wanahisabati husema wafuasi wake walizivika nambari miujiza na kuigeuza jiometri kuwa ibada, wakati wanahisabati wa Kigiriki Archimedes na Apollonius walikuwa wameifikisha kileleni. Watu wa dini nao, Waislamu kwa Wakristo, husema falsafa hiyo ilimfungia Mungu wa maandiko katika mfumo usiomwachia hiari.

Mashtaka haya hayakutoka hewani. Porphyry alipokusanya maandiko ya mwalimu wake Plotinus, alizikatakata makala nyingine ili zitimie 54, yaani mafungu sita ya makala tisa tisa, na mwenyewe anakiri alivyofurahia kupata ukamilifu wa 6 pamoja na hizo tisa. Proclus (412–485), aliyeongoza shule ya Kiplatoni mjini Athens, ni hivyo hivyo. Katika ufafanuzi wake wa kitabu cha kwanza cha Euclid, Mgiriki aliyeipanga jiometri kwa madai na thibitisho, unamsoma akieleza pembe kwa utulivu, mara anakukumbusha kwamba Philolaus, mfuasi wa Pythagoras, aliiweka pembe ya pembetatu wakfu kwa miungu wanne. Msomaji wa hisabati hapo lazima akunje uso. Wala hakuna ugunduzi mkubwa wa jiometri unaobeba jina la Proclus.

Lakini Archimedes alikufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Mshtakiwa wetu alizaliwa zaidi ya miaka 600 baadaye. Kama jiometri ya Kigiriki ilipoa, haikumsubiri yeye. Isitoshe, mengi tunayoyajua kuhusu waanzilishi wa jiometri hiyo, kuanzia Thales, yametufikia kwa sababu Proclus aliuweka katika kitabu chake muhtasari wa historia uliotokana na Eudemus, mwanafunzi wa Aristotle. Kitabu cha Eudemus chenyewe kimepotea.

Ninalotaka lipimwe hasa ni alivyolishughulikia dai la tano la Euclid, moja ya kauli anazoziweka kuwa msingi wa jiometri yake. Dai lenyewe ni hili: mstari ukiikata mistari mingine miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikiwa na jumla pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari hiyo ikirefushwa itakutana upande huo. Euclid aliomba tulikubali bila uthibitisho. Proclus akakataa. Akasema lifutwe kabisa katika orodha ya madai, kwa kuwa ni kauli inayopaswa kuthibitishwa. Kinyume chake, kwamba mistari inayokutana hufanya pembe pungufu ya hizo mbili, Euclid mwenyewe alikithibitisha. Iweje upande mmoja uhitaji hoja na wa pili upite bure?

Wapo waliojibu kwamba jambo liko wazi: mistari iliyoinamiana inakaribiana, kwa hiyo itakutana tu. Jibu la Proclus ndilo linalonifanya nimtetee. Kukaribiana, anasema, ni hakika. Kukutana ni dhana tu ya kuaminika mpaka ithibitishwe. Haipabola, aina ya mstari uliopinda, ina mstari ulionyooka inaoukaribia daima, umbali ukipungua bila kikomo, na kamwe haiugusi. Ikiwa mistari ya namna hiyo ipo, kwa nini iliyonyooka isiweze kufanya vivyo hivyo? Kisha akajaribu kutoa uthibitisho wake, akashindwa: alichukulia kwamba umbali kati ya mistari sambamba hauwezi kukua bila mpaka, na hilo ni dai lile lile kwa sura nyingine. Ibn al-Haytham, Omar Khayyam na Nasir al-Din al-Tusi walipambana na dai hilo, kisha Mwitalia Saccheri mwaka 1733. Jawabu la wanahisabati Lobachevsky mwaka 1829 na Bolyai mwaka 1832 lilikuwa kwamba inawezekana kujenga jiometri kamili ambamo dai la tano si kweli. Swali la Proclus lilikuwa halali kuliko alivyodhani.

Je, Uplatoni ulihusika? Mpinzani atasema hapana: Ptolemy, mnajimu wa Kigiriki, alijaribu kulithibitisha dai hilo kabla yake, na hakuhitaji Plotinus. Ni kweli. Ila Proclus alikuwa na sababu ya ziada ya kutoliamini jicho. Waliomfuata Aristotle walifundisha kwamba maumbo ya jiometri tunayachopoa kutoka kwenye vitu vinavyoonekana. Proclus anauliza: ni nani aliyeona mstari usio na upana, au nukta isiyo na sehemu? Usahihi hauwezi kuzaliwa na vitu visivyo sahihi. Kwake, roho haikuwahi kuwa kibao kitupu; imeandikwa tangu awali na inaendelea kujiandika. Mtu anayeamini hivyo hawezi kukubali mistari ikutane kwa sababu tu inaonekana hivyo.

Kwenye theolojia mkono wake ulienda mbali zaidi. Kitabu chake cha misingi ya theolojia kina kauli 211, kila moja na hoja yake, kwa mtindo wa Euclid. Sehemu zake zilitengenezwa kitabu cha Kiarabu, kikatafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kama kazi ya Aristotle, hadi mwanatheolojia Thomas Aquinas alipotambua kwamba mwenye mali ni Proclus, mwaka 1272. Hapa mshitaki mzito ni Imamu Ghazali. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, anauliza mtendaji gani asiye na utashi: ikiwa ulimwengu unamiminika kutoka kwa Mungu kwa lazima, kama mwanga utokavyo kwenye jua, basi Mungu hakutenda kitu. Sijaona jibu linaloiondoa kabisa hoja hiyo. Augustino naye alisema alilikuta Neno katika vitabu vya Waplatoni, lakini hakukuta kwamba Neno alifanyika mwili. Hata hivyo Ghazali huyo huyo aliandika kwamba anayedhani ataunusuru Uislamu kwa kukanusha hisabati anaudhuru.

Mwaka 1619 mwanaastronomia Kepler alichapisha kitabu chake cha upatanifu wa ulimwengu, akiweka mbele maneno ya Proclus na kumshambulia Ramus, mwanafalsafa Mfaransa aliyeyadharau mafundisho magumu ya Euclid. Ndimo ilimo kanuni yake ya tatu ya mwendo wa sayari. Atakayesema kanuni hiyo imetoka kwenye vipimo vya anga vya Tycho Brahe amesema kweli, na ndoto za Kepler za kuzipanga sayari kwa maumbo matano ya Plato zilikufa. Ila vipimo hivyo havikumwambia atafute uwiano kati ya muda wa sayari kulizunguka jua na umbali wake kutoka kwenye jua. Imani kwamba uwiano huo upo aliingia nayo.