Ni wakfu unaolipia muziki ule

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai matamasha ya bure ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, ni anasa ya wachache inayobebwa na walipa kodi. Sikubaliani naye hata kidogo. Ukumbi wa matamasha hayo, ndani ya jengo la Thomas Jefferson, lililofunguliwa 1897, ulijengwa mwaka 1925 kwa fedha za mpiga piano Elizabeth Sprague Coolidge, na mama huyo akaacha mtaji ili faida yake iwalipe wanamuziki; huo ndio wakfu wenyewe. Bunge lenyewe lilitunga sheria mwaka huohuo ili maktaba iweze kupokea na kutunza mali za namna hiyo. Miaka ya 1930 mfadhili mwingine, Gertrude Clarke Whittall, akatoa fidla na vyombo vingine vilivyoundwa na Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia wa zamani, pamoja na fedha za kuhakikisha vinapigwa, visikae kabatini. Ndiyo, jengo ni la serikali, na umeme na walinzi ni wa serikali, hilo nakubali. Lakini hao "wachache" ni akina nani? Mimi naishi Maryland, jirani na Washington, nimeingia pale na wanangu, na foleni yetu ilikuwa na wazee wa mtaani, wanafunzi na madereva wa teksi. Tiketi unaiomba mapema bila kulipa, na viti vikibaki hata asiye nayo huingizwa. Kwetu pwani ya Afrika Mashariki wakfu umejenga misikiti, visima na madrasa tangu enzi. Wenzangu wa Unguja na Mombasa, kuna anayejua wakfu wowote uliowekwa kwa ajili ya taarab, ili watu waisikilize bure, tuseme pale Ngome Kongwe, Unguja?