Afande na Mtungi

Kampala ukiwa na kipara, kifua kipana na Kiswahili kisichokwama kooni, wewe ni askari. Hakuna mjadala. Mimi ni fundi wa friji Kireka, silaha yangu kubwa ni bisibisi, lakini nimezaliwa Bombo kwa Wanubi, na Kiswahili nimekikuta nyumbani. Sasa huku kwa watu wengi hiyo ni lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani.

Asubuhi hiyo nilipanda treni inayotoka Namanve na watu wa kazini. Imejaa mpaka mlangoni. Nikamuuliza jamaa mmoja kwa adabu zote, "Samahani ndugu, hapa pana mtu?"

Benchi zima likasimama. "Kaa, afande."

Nikakaa. Ningefanyaje? Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na sidhani kama tangu hapo kuna fundi friji aliyewahi kunyoosha miguu humo kama mimi.

Nilikuwa naenda Makumbusho ya Uganda, pale Kitante. Peke yangu, maana mke wangu alisema hawezi kulipa kiingilio akatazame vyungu ilhali vyake havijaoshwa. Bibi yangu ndiye aliyeshtuka hasa nilipompigia kumuaga.

"Enyumba y'amayembe? Unaenda kutafuta nini huko?"

Ndivyo Waganda walivyoyaita makumbusho hayo yalipoanza mwaka 1908, yakiwa bado kwenye ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, kule Old Kampala: nyumba ya pembe za mizimu, kwa sababu ya hirizi zilizokusanywa humo. Nikamweleza bibi kwamba tangu 1954 yako Kitante, kwenye jengo la maana, na kuna sehemu nzima ya sayansi na viwanda.

"Kwani mizimu haijui kuhama?" akasema, akakata simu.

Ndani nilijionea mengi, ila chumba cha ala za muziki ndicho kilichonishika. Nilisimama mbele ya engalabi, ile ngoma ndefu ya ngozi ya kenge, nikaelewa jambo ambalo shuleni lilinipita: ngozi peke yake, au uzi peke yake, hunong'ona tu. Ule uwazi ulio chini yake ndio unaoipa sauti kifua. Lishikeni hilo.

Nyuma ya jengo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Nikainama nikaingia moja. Giza, ubaridi, na pembeni mtungi wa maji, tumbo kubwa, shingo nyembamba. Najua, vitu vya makumbusho haviguswi. Lakini fundi hawezi kuona chombo asitake kujua ndani kukoje. Nikawasha taa ya simu, nikaishusha kidogo mdomoni mwa mtungi nichungulie.

Ti!

Nikalala kifudifudi nyuma ya mtungi, nikapenyeza mkono mpaka kiwiko, nikaikamata. Mkono ukagoma kutoka. Nikavuta, nikazungusha, nikasoma dua ya safari. Wapi!

Ndipo wakaingia watoto wa shule, kama ishirini hivi, na mwalimu wao. Nikabana pumzi. Nilijiambia wataangalia, wataandika, watapita. Mtu mzima mwenye kipara hawezi kuanza kujieleza kwa watoto akiwa chini, mkono mtungini.

Simu ikaita. Nikapapasa kuinyamazisha, kidole kikapokea. Nami karakana yangu ina kelele, kwa hiyo simu yangu hukaa kwenye spika mwaka mzima.

"Haloo! Mbona kimya?"

Wallahi, hata mimi nilisisimka. Sauti ya bibi ilizunguka ndani ya lile tumbo, ikatokea shingoni nzito, ya kale, kama ya mtu aliyezikwa kabla ya Kabaka Mutesa wa kwanza.

"Madamu," kasichana kakanong'ona, "ensuwa eyogera!" Mtungi unaongea.

Wengine wakarudi nyuma. Kijana mmoja, bila shaka ndiye wa kwanza darasani kwenye somo la Kiswahili, akasogea hatua moja, akasimama wima kama alivyofundishwa.

"Hujambo. Wewe ni nani?"

"Mimi ni nani? Unaniuliza mimi ni nani? Mimi ni bibi yako! Idi imepita hukuniletea hata sukari!"

Mlango wa nyumba ile ni mfupi, lakini walipita wote kwa mara moja. Mwalimu alitangulia. Kilibaki kiatu kimoja cha mguu wa kushoto.

Akaja kijana wa pale makumbusho na tochi. Akanimulika, akamulika mtungi, akanimulika tena.

"Ndugu yangu, nisaidie," nikasema.

Aliposikia Kiswahili akakaza mgongo. "Afande, umeshika nini humo?"

"Simu."

"Iachie kwanza."

Nikafungua ngumi. Mkono ukatoka wenyewe, laini, kama umepakwa samli. Akauinamisha mtungi taratibu juu ya mkeka, kama anamlaza mtoto, simu ikateleza nje. Bibi bado alikuwa hewani.

"...kilo mbili, na isiwe ile ya mabonge."

Kijana wa makumbusho alinipeleka nje ili watoto waone kwamba ni mtu tu, na simu tu. Wakacheka, mwalimu akacheka kuliko wote, akiwa na mguu mmoja umevaa soksi. Yule bingwa wa Kiswahili hakucheka. Alisubiri wenzake watangulie kwenye basi, akanisogelea, akanivuta shati.

"Afande, sukari nilete kiasi gani?"

"Kilo mbili," nikamjibu.