Acacia ifungwe kwa magari mwisho wa wiki, Kabalagala isifungwe

Kampala ina barabara ambazo Ijumaa na Jumamosi usiku hazimfai mtu yeyote. Dereva amekwama kwa sababu mbele yake kuna gari lililoegeshwa mstari wa pili. Mwenda kwa miguu ameshukia barabarani kwa sababu ukingo wote umejaa bodaboda. Mchoma nyama amesogezwa mpaka kwenye mdomo wa mtaro, na jiko lake la makaa liko hatua moja kutoka kwenye tairi za magari. Utayaona haya Acacia Avenue pale Kololo, ambayo jina lake rasmi ni John Babiiha Avenue. Utayaona Bandali Rise kule Bugolobi. Na utayaona zaidi Kabalagala, pale Barabara ya Ggaba inapokutana na ile inayopanda Muyenga.

Je, barabara za namna hiyo zifungwe, magari yasipite usiku wa mwisho wa wiki? Naunga mkono, lakini si kila mahali, na si kwa namna ambayo wengi wanaifikiria. Wanaolipinga wazo hili wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki, na wanaolipenda wamesahau chombo kinachotawala usiku wa Kampala, nacho si gari.

Hoja ya kwanza ya kufunga ni uhai wa watu. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliouawa na ajali za barabarani Uganda nzima, na wanaopanda pikipiki pamoja na wanaotembea kwa miguu ndio wengi katika hesabu hiyo. Polisi wa trafiki wana kile kipimo cha pombe ambacho watu wamekibatiza Kawunyemu. Kinasaidia, lakini kinamshika dereva peke yake. Kijana aliyekunywa tangu saa mbili usiku, akitoka baa saa tisa na kujipenyeza katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa ili avuke, hakuna kipimo kinachomzuia. Mahali ambapo walevi wanatembea na walevi wengine wanaendesha, na wote wanapita kwenye lami ileile nyembamba, dawa ya uhakika ni kuwatenganisha.

Ya pili ni riziki. Baa zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikufunguliwa mpaka Januari 24, 2022. Karibu miaka miwili nzima wahudumu, madijei, walinzi, wachoma nyama, wakaanga chapati za mayai na madereva wa boda wa usiku walikaa bila kazi, na wengi hawajasimama sawasawa hadi leo. Barabara isiyo na magari inawapa watu hawa kile wanachokikosa kuliko vyote: nafasi ya kuweka meza, nafasi ya jiko, nafasi ya mteja kusimama na kula bila kupigiwa honi.

Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanza, maana nafasi ikipatikana swali linalofuata ni la nani atakayeichukua. Baa kubwa yenye viti mia itavitoa nje usiku wa kwanza tu. Mama mwenye beseni la mayai ataambiwa asogee. Kuanzia Januari 2022 KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, imekuwa ikiwaondoa wachuuzi barabarani kwa jina la usafi na mpangilio wa jiji, na sioni kwa nini askari wale wale wawe wapole kwa sababu tu barabara imefungwa. Barabara ni ya umma. Ikifungwa halafu ikageuzwa ukumbi wa nje wa baa tatu au nne, jiji litakuwa limewagawia wenye nacho ardhi ya bure kila Ijumaa.

Tunao mfano wa karibu wa jinsi nafasi inavyoweza kupotea kwa upande mwingine pia. Barabara ya Namirembe na Luwum Street, katikati ya jiji, zilijengwa upya ili waenda kwa miguu na baiskeli wapate njia yao. Nia ilikuwa njema na kazi ilifanyika. Lakini mtu anayepita pale leo bado anagombea nafasi na boda zilizoegeshwa na bidhaa zilizotandazwa chini, kwa sababu kujenga njia na kuilinda ni kazi mbili, na ya pili haina siku ya mwisho.

Majirani zetu wa Kigali walilijaribu jambo lenyewe. Mwaka 2022 eneo la Gisimenti, huko Remera, lilianza kufungwa kwa magari mwisho wa wiki jioni. Viti vikatoka nje, majiko yakatoka nje, watu wakatembea katikati ya barabara bila kugeuka nyuma. Kabla ya hapo walikuwa wameshafanya hivyo Biryogo, katika mtaa wa Nyamirambo, na lami ikapakwa rangi. Ukiyatazama kwa juu juu utasema tuige kesho. Lakini Kigali ina mkono mzito wa kusimamia amri, na hata hivyo kelele za usiku zilifika mahali ambapo serikali iliamuru kwamba, kuanzia Septemba 2023, baa na maeneo ya starehe yafungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Barabara ikiwa wazi kwa watu, muziki nao hutoka ndani na kuwafuata.

Kwa hiyo wakazi wanaolalamika wasikilizwe. Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo yenye kazi hiyo. Kololo kuna mabalozi na wenye nyumba wanaojua mahali pa kupeleka barua. Kabalagala hali ni nyingine. Nyuma ya baa zile kuna vyumba vya kupanga vilivyobanana, na ndani yake wanaishi watu ambao wengi wao wanaongea Kiswahili nyumbani: Wakongo waliokimbia vita, wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania wanaosoma Kansanga, familia zilizotokea kambi ya polisi ya Nsambya. Mkimbizi mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda kugombana na mwenye baa kuhusu spika. Wengi wao hawajui hata kama wana haki ya kulalamika, na wanaojua wanaogopa kuhamishwa. Mtu akiniambia wakazi wa Kabalagala hawajapinga, ningependa kwanza aniambie nani aliwauliza, na kwa lugha gani.

Sababu yangu kubwa ya kusema Kabalagala isifungwe ni nyingine, nayo ni ramani. Barabara ya Ggaba ndiyo mshipa wa upande ule wote. Anayetoka Ggaba, Bunga au Kansanga akiwa na mgonjwa anapita Kabalagala ili afike hospitali ya Nsambya. Njia za kuzunguka ni zile za vilima na kona za Muyenga na Makindye. Mama mwenye uchungu wa uzazi saa nane usiku hapaswi kuzungushwa huko kwa sababu watu wanacheza muziki barabarani. Wapo wanaosema gari la wagonjwa litafunguliwa njia. Lakini wengi wetu hatupelekwi hospitali na gari la wagonjwa. Tunapelekwa na boda, au na gari la jirani lisilo na king'ora wala taa, na askari kwenye kizuizi hatajua kama tunakimbilia uhai au tunakimbilia baa.

Acacia ni tofauti. Ina mitaa ya Kololo pembeni yake, ina Kira Road upande wa Kisementi, na kipande chenye baa nyingi kinaweza kufungwa bila kukata mji vipande viwili. Bandali Rise nayo inaweza kufikiriwa. Kama tunataka kujaribu, tujaribu mahali ambapo kukosea hakutamuua mtu aliye njiani kwenda hospitali.

Usalama wa umati nao haupitwi haraka, hasa na sisi. Julai 11, 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka kwenye mgahawa wa Ethiopian Village pale Kabalagala na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo, na zaidi ya watu 70 wakafa. Oktoba 2021 bomu lililipuka kwenye mgahawa wa nyama ya nguruwe Komamboga. Na usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, hapakuhitajika bomu: kule Freedom City, kwenye Barabara ya Entebbe, watu walisongamana kwenye njia nyembamba wakati wa fataki, na wasiopungua 9 wakafa kwa kukanyagana na kukosa hewa, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Mtu yeyote anayepanga kukusanya umati usiku Kampala aanzie kwenye msiba huo wa tatu. Aulize: milango ni mingapi, upana wake ni kiasi gani, na taa zikizima watu wataelekea wapi.

Kizuizi cha mbao hakitoshi pia. New Orleans, Marekani, hufunga Bourbon Street kwa magari usiku, na bado alfajiri ya Januari 1, 2025 mtu mmoja aliingiza gari kwenye umati na kuua watu 14, wakati ambapo nguzo za kuzuia magari zilikuwa katika kubadilishwa. Austin, huko Texas, walienda mbali zaidi: baada ya miaka mingi ya kuifunga Sixth Street usiku wa mwisho wa wiki, mwaka 2025 waliifungua tena kwa magari, kwa hoja kwamba umati uliojazana katikati ya barabara ulikuwa unazaa vurugu na kuwachelewesha waokoaji, na afadhali watu wapewe kingo pana zaidi. Hoja hiyo nimeitafakari sana. Naona ina ukweli kwa barabara ambayo baada ya kufungwa imeachwa tupu: hakuna meza, hakuna jiko, hakuna mama anayeuza chai, ni lami na vijana waliosimama. Penye watu wenye shughuli zao, macho huwa mengi na ugomvi hupata wa kuuamua.

Sasa boda. Nchi nyingine zikisema magari yasipite, jambo limekwisha. Kampala ukisema hivyo, boda zitapita, na barabara itakuwa hatari kuliko ilivyokuwa, kwa sababu watu watatembea katikati wakidhani wako salama. Kwa hiyo kufunga lazima kujumuishe pikipiki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Boda ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani. Kampala haina basi la umma la usiku, na matatu huadimika baada ya saa sita. Ukizifukuza boda ukaziacha zijazane kwenye ncha mbili za barabara, saa tisa usiku utakuwa na mamia ya pikipiki zinazogombania wateja waliolewa, gizani, na msichana anayetoka peke yake ataburutwa mkono na madereva watatu kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kutoka klabu Kampala anajua kwamba dakika zile za kutafuta usafiri ndizo za hatari kuliko usiku wote: simu huibiwa pale, watu hupigwa pale.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye steji, yaani vituo vya boda. Kabla ya kuweka kizuizi chochote, KCCA na polisi wakae na wenyeviti wa steji za Kololo, waweke steji mbili au tatu zenye taa nje ya eneo lililofungwa, wenye kuruhusiwa kupakia pale wavae vizibao vyenye namba, na zamu ijulikane. Madereva wenyewe watakubali wakiona faida: mteja wa uhakika, bila trafiki kuwakimbiza. Wasiposhirikishwa, watalivunja zoezi ndani ya wiki mbili, na sitawalaumu.

Muda nao uwe mfupi na ujulikane, kwa mfano kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, kwa miezi mitatu. Spika zibaki ndani. Wachuuzi waliokuwa pale kabla ya kufungwa wapewe nafasi za kwanza, zilizochorwa chini kwa rangi, bila ada katika kipindi hicho cha majaribio. Na gharama ya walinzi, taa, vyoo vya muda na nguzo imara za kuzuia magari isitoke kwenye mfuko wa mchoma nyama wala isitoke kwenye bajeti ya kuziba mashimo ya barabara za Makindye. Itoke kwa baa zenye leseni zilizo kwenye kipande hicho, kila moja kwa ukubwa wake, na ilipwe kabla ya kizuizi cha kwanza kuwekwa.