Medea Hakuua Wanawe

Juzi nimegombezwa na mama mwenye nyumba wangu hapa Kutaisi, Georgia. Alikuwa anakata mkate, nami nikasema Medea wa hadithi za Kigiriki ni yule mwanamke aliyewaua wanawe. Kisu kikawekwa mezani. "Nani kakwambia? Waliowaua ni watu wa Korintho! Yule wa Athens amemsingizia." Wa Athens ni Euripides, aliyeandika tamthilia ya Medea, na tamthilia yenyewe ni ya mwaka 431 kabla ya Kristo. Mama huyu maisha yake yote aliuza tiketi za treni. Anamtetea Medea kama shangazi aliyeolewa mbali, akasemwa vibaya na wakwe.

Na hoja anayo. Pausanias, mwandishi wa safari, Mgiriki mwenzake Euripides, aliandika kwamba Wakorintho ndio waliowapiga mawe watoto wale wakafa.

Georgia hii ya Kaukazi ndiyo Colchis ya kale, alikotoka Medea, na ndiko Jasoni, mume wake Mgiriki, alikochukua ngozi ya kondoo ya dhahabu. Wagiriki waliandika hadithi, lakini Wageorgia wenyewe hawakuwaachia. Mabinti wanaitwa Medea hadi leo. Mjini Batumi wamemsimamishia sanamu, ngozi mkononi. Mwandishi wao Otar Chiladze alitoa riwaya mwaka 1973 akiisimulia safari ile upya, mara hii kutoka Vani, mji wa huku, kwa macho ya wenyeji waliofikiwa na wageni. Na Rustaveli, mshairi wao mkubwa wa zama za Malkia Tamar, shujaa wake Avtandil anapoandika wosia anamleta Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki: uongo na undumilakuwili huumiza mwili, kisha roho. Maneno hayo mimi niliyasikia kwanza kwa dereva wa basi, si darasani.

Sasa nyumbani. Wagiriki walituandika na sisi. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza kinaitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu, na kinasema jina limetokana na vyombo vya kushonwa. Vya kushonwa! Mitepe, majahazi ya Lamu, ilishonwa kwa kamba mpaka juzi juzi tu. Nani kati yetu amewajibu Wagiriki? Darasani kwetu Tanga tulisoma jinsi Fumo Liyongo alivyochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, na swali likawa: taja sifa nne za utenzi. Tulizitaja, tukapata alama. Hatukubishana hata siku moja kama wa kulaumiwa ni mtoto au ni sultani wa Pate aliyemrubuni.

Najua mtakavyosema. Kapanda ndege mara moja, keshaanza kutufundisha. Watu wanapambana na bei ya unga, yeye na Medea wake. Jamani, mama huyu gizani amekaa kuliko mimi. Miaka ya 1990 umeme hapa ulikuwa wa kubahatisha, baridi kali, na ananiambia wakisomeana Rustaveli kwa mshumaa. Sisemi ni bora kuliko sisi. Bibi yangu alijua tenzi kwa moyo na hakuwahi kushika kalamu. Hilo najivunia popote. Linaloniuma ni kwamba alipokufa hakuna mjukuu aliyeweza kuendelea na beti, mimi nikiwa wa kwanza. Na anayesema Roma na Ugiriki si zetu, amuulize Mwalimu Nyerere kwa nini alikaa kumtafsiri Julius Caesar wa Shakespeare, kikatoka 1963, nchi ina miaka miwili tu.

Basi jana mama akaniuliza: na kwenu, nani amesalitiwa? Nikamsimulia Liyongo. Alivyochomwa akapiga goti kisimani, upinde mkononi, ameshakufa na watu hawajui, hakuna anayethubutu kuteka maji. Nikafika pale mamake alipoletwa amsihi mwanawe, akamwimbia kumtuliza, akidhani bado ana hasira.

Mama mwenye nyumba akaacha kukata mkate. "Uimbe," akasema. "Aliimba nini?"

Nimempigia mama mdogo Pangani usiku huohuo. Ameahidi kuuliza wazee.