Nyota ilipolipuka, dagaa za mama mkubwa zikaoza

Jamani hii ilinipata Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 2022 kule Igombe, na mpaka leo nikitia mguu ufukweni wale akina mama wananiita Mionzi.

Mi nilikuwa nimejiunga kupokea taarifa za darubini za NASA zilizoko angani, Fermi na Swift, zile zinazovizia milipuko ya miale ya gamma, yaani mionzi mikali kama ile ya nyota inapolipuka, ikidakwa tu simu inalia, sasa kwa ushamba wangu nikaiwekea mlio wa king'ora cha zimamoto maana mlipuko wenyewe mara nyingi ni sekunde tu, sikutaka kupitwa (kana kwamba ningeuona kwa macho, akili zangu hizi).

Basi saa kumi na moja na kitu jioni niko zangu chini ya mwembe na ugali kwa sato, dagaa za siku hiyo zimeanikwa kwenye nyavu mchangani, bado zina maji maji. Simu ikalia uwiii uwiii! Sahani ikaenda. Mama mkubwa akauliza kuna nini, na mimi mdomo mbele akili nyuma:

"Nyota imelipuka mama, mionzi imeshatufikia!"

Sasa mionzi anayoijua mama mkubwa ni ile ya picha ya kifua, ambapo mpiga picha mwenyewe anakimbilia nje. Alipiga yowe moja tu. Ndani ya dakika tano dagaa zote za ufukwe ule zimezolewa, mbichi vile vile, zimerundikwa kwenye mabeseni na viroba, turubai juu. Mi nawakimbilia nyuma, "Subirini, hewa inaizuia hiyo miale, ndo maana darubini ikapelekwa juu!" Ningeishia hapo ningepona. Nikaongeza eti taarifa inasema huenda ni humu humu kwenye galaksi yetu.

"Yetu?"

"Yetu hii hii."

Likaletwa turubai la pili. Na sikutunga, watu wa Swift wenyewe mwanzoni walidhani hivyo.

Asubuhi turubai linafunuliwa, weee, hata korongo walisogea pembeni. Zikauzwa bei ya kutupa kwa watu wa chakula cha kuku, na aliyebeba viroba mnamjua.

Huku nyuma darubini kubwa ya kule Chile ikawa imepima umbali, kumbe mwanga wake umesafiri kama miaka bilioni 2, na hakuna mlipuko wa aina hiyo uliowahi kurekodiwa unang'aa kuushinda. Nikaenda mbio kumwambia mama mkubwa, nikidhani namfariji.

"Kwa hiyo hiyo nyota imelipuka lini?"

"Miaka bilioni 2 iliyopita, mama."

Akaokota dagaa moja, akainusa, akanisogezea puani.

"Imengoja miaka yote hiyo, wewe ukashindwa kungoja dagaa zikauke?"