Dogo yuko Muscat anataka kuwa fundi wa jeshi letu, apitie mlango gani?

Juzi usiku saa nne hivi nilikuwa bado gereji hapa Mkanaledi, nina Land Cruiser ya mteja mmoja wa korosho anataka aamkie Tandahimba asubuhi, injini ya 1HZ, inagonga vibaya, nishabadilisha filta ya dizeli, nishatoa hewa, wapi, inagonga tu. Nikampigia dogo, mdogo wangu, WhatsApp. Yeye yuko Muscat, Oman, kule Wadi Kabir kwenye magereji, kwao ilikuwa saa tano na alikuwa ndo anakula. Akaniambia kaka weka simu karibu na injini alafu usiongee. Akasikiliza kama dakika nzima. Akasema chukua spana ya 17, legeza nati za paipu za nozo (zile zinazopuliza dizeli kwenye injini) moja moja, anza ya mbele, ukilegeza usikilize. Ya kwanza nikalegeza injini ikatetemeka lakini kugonga kuko palepale, nikaikaza. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu nilivyoilegeza tu dizeli ikanirukia mkono mzima na kule kugonga kukakata. Asubuhi tukaenda kuipima, kweli nozo ya tatu haipulizi, inakojoa.

Yani mtu yuko ng'ambo ya bahari anasikia nozo ya gari iliyoko Mtwara. Ana miaka 23. Na huyu mtu tangu akiwa mdogo anataka kitu kimoja, awe fundi kwenye Jeshi la Wananchi, avae kombati, afanye kazi karakana ya jeshi. Hataki cheo, hata bunduki sio anachokiwaza, anataka yale maroli.

Sa nataka niseme kinachoniuma. Nimekaa nae kwenye simu mwezi mzima tunatafuta namna ya kuomba akiwa kule kule, na nilichokiona ni kwamba mlango wa mtu kama yeye haupo. Sio kwamba kakataliwa. Hakuna pa kugonga kabisa.

Angalia matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni. Uwe raia wa kuzaliwa, sawa, kazaliwa Ligula na cheti cha kuzaliwa kipo. Usiwe umeoa, hajaoa. Usiwe na kesi, hana. Usiwe umewahi kutumikia polisi wala magereza, hajawahi. Kama elimu yako ni kidato cha nne umri usizidi miaka 24. Uwe na cheti cha JKT. Na barua ya maombi uiandike kwa mkono wako mwenyewe, na maombi yafike Makao Makuu ya Jeshi, Msalato, Dodoma.

Hapo kwenye JKT ndo pa kukaa kidogo. JKT ya kujitolea maombi yanaanzia wilayani unakoishi, usaili unaanzia hapo hapo wilayani. Sa mtu anayeishi Muscat wilaya yake ipi? Arudi, sawa, tuseme karudi, kaacha kazi, bosi wake Mwarabu (anaongea Kiswahili kama mtu wa Unguja na anampenda sana dogo) kamuweka mtu mwingine. Kapita usaili, kaingia kambini, kujitolea ni miaka miwili. Ana 23 leo. Akitoka ana 25. Tangazo linasema 24. Yani njia yenyewe ni ndefu kuliko muda aliobaki nao, na hapo sijahesabu kwamba kumaliza JKT sio ahadi ya ajira, wanalisema kila mwaka na wanasema kweli.

Mtu atasema kwanini hakwenda JKT mapema. Alimaliza form four na miaka 17, akaenda VETA kusoma ufundi wa magari, akafanya na mimi mwaka mmoja, msimu wa korosho ukawa mbaya magari hayaji, mama anaumwa presha, ndo ikatokea nafasi ya Oman. Hela yake ndo ilimlipia mama dawa na ndo iliyonunua jeki ya trolii ninayoitumia leo. Sidhani kama hilo ni kosa la kumnyima mtu jeshi.

Naelewa kwanini JKT ipo pale na sitaki mtu aje aniambie nadharau. Jeshi tulilorithi kwa mkoloni liliasi Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, ndo Lugalo ya sasa, likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa JWTZ, jeshi la wananchi wenyewe, vijana waliofundwa uzalendo kwanza, na JKT ilikuwa tayari ipo tangu Julai 1963. Sisi watu wa kusini hatuhitaji kukumbushwa. Naliendele hapo jirani yetu kuna makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji. Na Oktoba 2020 Kitaya, kijiji cha hapo mpakani na Msumbiji, walivyovamiwa tulijua hapahapa Mtwara maana ya kuwa na jeshi la kwako. Kwahiyo JKT ibaki. Ninachosema kwa fundi ibadilishwe mpangilio, apimwe kwanza mkono, akifaulu ndo aende JKT akijua nafasi yake inamsubiri.

Na hili la umri mbona tayari lina mfano? Matangazo hayohayo daktari bingwa anaruhusiwa mpaka miaka 35, kwasababu wanajua ubingwa hauji ukiwa na miaka 24. Ni akili nzuri sana hiyo. Sa fundi wa dizeli aliyeiva je? Mtu wa kusikia nozo kwa sikio humpati ana miaka 20, injini inataka zikupite mkononi mamia, uungue, ufunge silinda hedi vibaya mara mbili tatu mpaka ujue kukaza zile nati kwa mpangilio bila gasketi kulala. Gari la jeshi likifa njiani kwenye mchanga wa huku Ruvuma hakuna wa kumpigia simu, ni yule fundi aliyepo kwenye msafara na tochi yake. Mimi ningetaka awe na miaka 30 na mikono iliyochakaa.

Babu yetu spana alijifunzia Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ambao matrekta yake mengine (haya ya Kongwa zaidi) yalikuwa vifaru vya Sherman vya vita ya pili vimegeuzwa kulima. Mradi ulikufa, karanga hazikuota za maana, lakini babu alibaki na ufundi na akamfundisha baba na baba akanifundisha mimi. Hakuna aliyemuuliza babu cheti, alipewa spana wakamuangalia. Na leo Nachingwea hiyohiyo kuna kambi ya JKT, 843 KJ. Hata VETA wenyewe sikuhizi wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunza chini ya mwembe anapimwa na anapewa cheti. Kwahiyo serikali inajua kupima mkono, tayari inapima.

Kitu kilichonifanya nikae niandike haya ni kwamba dogo aliletewa habari na Mkenya wanaekaa nae chumba kimoja kwamba jeshi la Uingereza linachukua watu wa Jumuiya ya Madola. Tukasoma. Ni kweli, mwaka 2018 waliondoa sharti la kuwa umeishi Uingereza miaka mitano, wakaweka nafasi 1,350 kwa mwaka, unaanza maombi ukiwa nchini kwako, na wana kikosi kizima cha mafundi kinaitwa REME kinafundishia Lyneham. Yani taifa ambalo sio lake limemtengea sehemu ya kujaza jina lake akiwa mbali, na kwao sehemu hiyo hamna. Akaniuliza kaka nijaribu? Nikamwambia dogo ukiapa kule na baadae ukachukua uraia wao huku umepoteza, sisi uraia pacha hatuna. Akanyamaza. Marekani ndo usiseme, bila green card na kuishi kule hawakuandikishi. Wafaransa na Legion yao, kikosi chao cha askari wa kigeni, inabidi ujipeleke mwenyewe mpaka mlangoni Ufaransa, na utakapopangwa sio wewe unayechagua. Na hawa wanaotuma meseji za kazi Urusi, mshahara mnono, ufundi, udereva, hao nimemwambia ablock bila kujibu. Mtanzania mwenzetu alifia Ukraine 2022 mwili wake ukarudi Januari 2023, ndugu zake wakaupokea.

Kuna na mwingine alinipigia mimi hapa, anajiita afande, ati anaweza kumuingizia jina dogo bila yeye kurudi, nitume hela ya fomu. Maombi ya jeshi hayalipiwi hata shilingi, jeshi lenyewe linaonya kila mara. Lakini matapeli wanapata wateja palepale ambapo njia halali haionekani.

Muscat tuna ubalozi. Maombi ya mkono yanaweza kupokelewa pale, yagongwe muhuri, yatumwe Dodoma. Mtu akihofia kwamba aliyekaa nje hajulikani, pasipoti yake ina kila muhuri alikopita, mtendaji wa kata anatujua mpaka babu, mama yupo palepale Magomeni ya hapa Mtwara. Akirudi likizo yake ya mwezi mmoja apelekwe karakana yoyote ya jeshi, apewe injini iliyokufa na siku tatu, mafundi wa jeshi wamsimamie. Akishindwa arudi Oman hatalalamika, namjua.

Wiki iliyopita kuna jirani yetu amerudi kutoka huko akaniletea bahasha. Ndani kuna barua, kurasa mbili, mwandiko wake ulelule wa kulalia kushoto, inaanza na Kumb., ile sehemu ya namba ya kumbukumbu, haijajazwa kitu, kwasababu tangazo la kujibu hakuna. Pembeni ina alama ya kidole gumba cha oili. Kaniandikia meseji samahani kaka ntaiandika upya, nikamwambia acha ilivyo. Ipo kwenye droo ya gereji chini ya daftari la madeni. Mwezi wa nne anatimiza 24.