Harufu ya dawa kwenye maji ya kunywa

Kila kipindupindu kinapozuka, kama kile kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, wananchi huambiwa mambo mawili: chemsheni maji ya kunywa, au yatieni dawa. Wengi hushika la kwanza. Dawa, yaani klorini, inanuka, inabadilisha ladha ya maji, na mitaani husemwa inaharibu kizazi.

Wanaotetea sufuria wana hoja nzito. Moto hauhitaji kipimo, na unaua hata kriptosporidiamu, kijidudu cha kuhara ambacho klorini ya kawaida hushindwa nacho. Maji yakiwa na tope, klorini huishia kwenye tope lile; moto haujali. Tena utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ulioandikisha wajawazito zaidi ya 8,000 wa Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, na kufuatilia watoto wao, haukuona kuhara kukipungua kwa waliopewa klorini. Hilo si jambo la kupuuza.

Lakini tuyafuate maji yale baada ya sufuria kuepuliwa. Yanapoa, yanamiminwa kwenye ndoo, na ndoo inakaa pembeni kutwa nzima. Kila mwenye kiu anachovya kikombe, na vidole vinaingia pamoja nacho. Hapo maji yaliyochemshwa hayana cha kujitetea, na mkono mmoja uliotoka chooni bila kunawa unayarudisha yalikotoka. Klorini hubaki ndani ya maji ikiendelea kuua vijidudu vinavyoingia baadaye. Na mkaa unapopanda bei, kuchemsha maji ndiko kunakoachwa kwanza, maana chakula hakiwezi kuachwa. (Wengi pia huyaacha yatokote dakika kumi au zaidi. WHO inasema yakishachemka kwelikweli yanatosha, kwa hiyo mkaa wa ziada ni hasara tupu.)

Ile harufu sasa. Kiwango cha klorini ambacho WHO haitaki kivukwe kwenye maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita. Kiasi kinachotakiwa kubaki yanapomfikia mnywaji ni angalau miligramu 0.2, na wapo watu wanaoanza kuinusa kwenye 0.3 tu. Yaani pua inalalamika mapema mno, kwenye kiasi kile kile kinachotulinda, mbali kabisa na kiasi cha kuogopwa. Ndoo ngapi zimemwagwa kwa sababu ya harufu iliyokuwa dalili ya usalama? Kuhusu kizazi, hakuna ushahidi kwamba klorini ya kiwango hicho inagusa uzazi. Kemikali zinazozaliwa klorini inapokutana na uchafu zipo kweli, ila WHO yenyewe inasema hatari yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya maji yasiyotibiwa.

Michael Kremer, mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2019, na wenzake walikusanya majaribio mengi ya kutibu maji, mengi yakiwa ya klorini, wakahesabu vifo badala ya kuhara. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban robo. Kwangu mimi takwimu hiyo ina uzito kuliko malalamiko yote ya ladha.

Kosa letu ni kumwachia mama wa nyumbani kazi ya kupima dawa. Magharibi mwa Kenya yalifungwa matangi madogo ya klorini pale pale kisimani: uligeuza vali, kikatoka kipimo cha dumu la lita 20, bure. Visima vya watu binafsi Dar es Salaam vinavyouza maji kwa dumu vingelazimishwa kufanya hivyo hivyo kabla dumu halijapanda mkokoteni. Nyumbani, maji yenye tope yatuamishwe na kuchujwa kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa na kusubiriwa nusu saa. Nyumba yenye mgonjwa mwenye kinga dhaifu iendelee kumchemshia maji yake, kisha yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, kisichochovywa kikombe.